UZI: Wachezaji wa 50 bora kushuka Challenger. Katazo lililopo ni sahihi, kasoro iko kwenye waildikadi

Ndugu wanajamvi wa tenisi, nawasalimu.

Kila msimu wa viwanja vya udongo unapofika, mjadala uleule huibuka upya. Mchezaji mwenye jina na kiwango cha juu hutolewa mapema kwenye Masters 1000 (ngazi ya juu ya ziara kuu, ambayo chini yake zipo 500 na 250; namba ni pointi za bingwa), na siku chache baadaye jina lake huonekana katika jedwali la Challenger, yaani ngazi iliyo chini ya ziara kuu ya wanaume. Wapo wanaosema anawaonea wadogo na kuwapokonya riziki, na wapo wanaosema ni mtu mwenye taaluma yake, kwa hiyo asizuiwe kuifanya mahali popote panapofuata sheria. Nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu, kwa maoni yangu, pande zote mbili zinagombania jambo ambalo kanuni imeshaliamua vizuri, huku zikilipita lile ambalo kanuni imeliacha wazi mno.

Tuanze na kanuni yenyewe, maana wengi wanaoijadili hawaitofautishi na desturi. Kwa wanaume, mchezaji aliyemo katika 10 bora wa dunia haruhusiwi kabisa kucheza Challenger, awe ameomba kwa kiwango chake, yaani nafasi yake katika orodha ya dunia, au amealikwa na mwandaaji. Walio kati ya nafasi ya 11 na ya 50 wamewekewa masharti yanayotofautiana kulingana na ngazi ya shindano, na mara nyingi njia yao huwa ni waildikadi, yaani nafasi ambayo mwandaaji humpa mchezaji amtakaye bila kuangalia foleni ya viwango, pamoja na idhini ya ATP, chombo kinachosimamia ziara ya wanaume. Kuanzia nafasi ya 51 kushuka chini, mlango ni mpana zaidi. Kwa wanawake, WTA, chombo kinachosimamia ziara yao, nayo huwaweka 10 bora nje ya mashindano ya WTA 125, yaliyo chini ya ziara kuu kama Challenger, na imekwenda mbali zaidi kwa kuwabana wachezaji wa juu hata katika ngazi ya 250: tangu zamani idadi ya 10 bora wanaoweza kuingia 250 moja imewekewa kikomo, na kuanzia msimu wa 2024 wachezaji wa 30 bora walibanwa wasiingie 250 inayochezwa wiki moja na 500, isipokuwa kwa sababu maalumu.

Sasa, kwa nini katazo hili lipo? Jibu la haraka ambalo husikika ni huruma kwa wachezaji wadogo. Huruma ni jambo jema, lakini haitoshi kuwa sababu ya kanuni, na wala si sababu ya msingi. Sababu ya msingi imo ndani ya hesabu ya pointi. Katika mfumo wa sasa, pointi hutolewa kwa kufuata raundi uliyofika, si kwa kumtazama uliyemshinda. Bingwa wa Challenger 50 hupata pointi 50, iwe aliwapiga watu watano walio nje ya 300 bora au aliwapiga watano waliomo katika 60 bora. Haikuwa hivyo daima. Katika miaka ya 1990 ATP ilikuwa ikitoa pointi za ziada kwa kumshinda mchezaji mwenye kiwango cha juu, na utaratibu huo ukaondolewa mfumo mpya ulipoanza mwaka 2000. WTA ilibaki na pointi za namna hiyo kwa miaka michache zaidi, kisha nayo ikaziacha. Tangu hapo, kinachoipa pointi moja thamani yake ni imani kwamba kila ngazi ina wachezaji wanaolingana nayo. Mchezaji wa nafasi ya 8 akijiandikisha Challenger 75, wale wote walioko upande wake wa jedwali watalazimika kuvuka mlima mrefu kuliko wenzao wanaocheza Challenger 75 nyingine wiki hiyohiyo kwenye bara jingine, na mwisho wa wiki karatasi ya viwango haitaonyesha tofauti hiyo hata kidogo.

Ndiyo maana siafikiani na wanaosema soko liachwe lijiamulie lenyewe. Uzio huu ndio unaozifanya pointi zilinganishike. Tukitaka kuuondoa, sharti kwanza turudishe pointi za kumshinda aliye juu yako, na sijaona chombo chochote kinachopendekeza hivyo.

Sababu ya pili haizungumzwi sana, nayo ni ulinzi wa ngazi ya kati. Mwandaaji wa ATP 250 hulipa gharama kubwa za zawadi na uendeshaji, na mara nyingi huongeza fedha za kumvutia nyota aje, jambo linaloruhusiwa katika ngazi za 250 na 500. Iwapo nyota huyo angeweza kuchagua Challenger iliyo karibu na nyumbani kwake wiki hiyohiyo, akapata wapinzani dhaifu na umati wa kumshangilia, mashindano ya 250 yangebaki na viti vitupu. Hatua ya WTA ya 2024 inasomeka vizuri ukiitazama kwa jicho hili: aliyekingwa hapo ni mwandaaji wa 500 kwanza, na mchezaji wa nafasi ya 90 amenufaika kwa sababu nafasi za 250 zimemfungukia.

Hata hivyo, ni lazima tukiri kwamba ATP yenyewe imejenga daraja la kuwashusha wachezaji wakubwa kwa makusudi, na daraja hilo linaitwa Challenger 175. Lilianza mwaka 2023, wakati ngazi za Challenger zilipopangwa upya kuwa 50, 75, 100, 125 na 175, na jumla ya fedha za zawadi za ziara nzima ya Challenger ikapandishwa hadi dola milioni 21.1. Mwaka huohuo Madrid na Rome ziliongezwa urefu zikawa mashindano ya takribani wiki mbili. Mchezaji anayetolewa siku za mwanzo za shindano refu namna hiyo hubaki bila kazi kwa siku nyingi katikati ya msimu. Ndipo Challenger 175 zikawekwa katika wiki ya pili: Phoenix wakati wa Indian Wells, Aix-en-Provence na Cagliari wakati wa Madrid, Bordeaux na Turin wakati wa Rome. Bingwa wake huondoka na pointi 175, ambazo ni zaidi ya pointi 165 anazopata mfainali wa ATP 250. Huo si ushindi wa kudharauliwa, na haishangazi kwamba wakubwa wanautaka.

Tazameni fainali ya Aix-en-Provence ya Mei 2023. Upande mmoja alikuwa Tommy Paul, namba 17 wa dunia. Upande wa pili alikuwa Andy Murray, aliyekuwa nje kidogo ya 50 bora, mwenye nyonga ya chuma, ambaye hakuwa ametwaa taji la ngazi yoyote tangu Antwerp mwaka 2019. Paul alichukua seti ya kwanza 6-2 kana kwamba mambo yamekwisha. Murray akajibu 6-1, kisha 6-2. Hapo tulimwona namba 17 akicheza ngazi ya chini kihalali kabisa na akashindwa. Sitoi mfano huu ili kusema kwamba wakubwa hawana faida wanaposhuka, kwa sababu wanayo. Nautoa kwa sababu unaonyesha kwamba Challenger 175 ni ngazi ya aina yake, ambayo kila anayejiandikisha anajua atakutana na nani. Mchezaji wa nafasi ya 120 anayekwenda Bordeaux hawezi kusema amevamiwa. Aliitazama orodha, akaona majina, akachagua.

Halafu kuna faida kwa chipukizi, na hii nitaisema bila kusitasita. Machi 2025, Joao Fonseca wa Brazil, akiwa na umri wa miaka 18, alitwaa Challenger ya Phoenix kwa kumshinda Alexander Bublik katika fainali. Bublik alikuwa mchezaji aliyezoea ziara kuu, na kumpiga mtu wa namna hiyo kwenye fainali humfundisha kijana kitu ambacho mataji matano ya Challenger 50 hayawezi kumfundisha. Bublik naye hakuharibikiwa: Mei akaenda Turin, akashinda Challenger 175 ya huko, wiki chache baadaye akafika robo fainali ya Roland Garros, moja ya Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa kuliko yote, na Juni akatwaa Halle kwenye nyasi. Ngazi ya chini ilimrejeshea mchezo wake.

Jambo ambalo kanuni hulifanya vizuri sana, na ambalo hukosolewa isivyo haki, ni kusoma namba badala ya kusoma jina. Novemba 1997 Andre Agassi alikuwa ameporomoka hadi nafasi ya 141. Alikwenda kucheza Challenger ya Las Vegas, mji aliozaliwa, akapoteza fainali kwa Mjerumani Christian Vinck ambaye wengi wenu hamtalikumbuka jina lake. Kisha akaenda Burbank akashinda. Mwaka 1998 aliumaliza akiwa namba 6, na mwaka 1999 akatwaa Roland Garros na kurudi kileleni mwa dunia. Vivyo hivyo Naomi Osaka, bingwa wa Grand Slam mara nne, alitolewa mapema Madrid mwaka 2025, akaenda Saint-Malo kucheza WTA 125, akatwaa taji lake la kwanza kwenye udongo. Katika visa vyote viwili kuna walionung'unika kwamba bingwa wa Grand Slam hafai kuonekana huko. Kwa nini asifae? Kiwango chake cha wakati huo kilikuwa nje ya 50 bora. Kumzuia kwa sababu ya vikombe vya zamani kungekuwa kumwadhibu kwa utukufu uliopita, na kungemfungia ngazi pekee ya kupandia.

Sasa nifike kwenye kiini cha uzi huu.

Kati ya nafasi ya 11 na ya 50, mchezaji mara nyingi huingia Challenger kwa waildikadi. Waildikadi hizo ni chache mno katika jedwali la watu 32, hesabu ya vidole vya mkono mmoja. Zilibuniwa kwa ajili ya nani? Mtazameni Jannik Sinner. Februari 2019, akiwa na umri wa miaka 17 na akiwa nje ya 500 bora, alipewa waildikadi kucheza Challenger ya Bergamo, nchini kwao Italia. Kwa kiwango chake asingeweza hata kulisogelea jedwali kuu. Alishinda shindano lote. Juni 2024 akawa namba 1 wa dunia. Sidai kwamba bila Bergamo asingefika. Kipaji kile kingepata njia nyingine. Ninachosema ni kwamba kadi moja ilifupisha safari ya kijana kwa miezi mingi, na kwamba kadi hiyohiyo, kama wiki ile kungekuwa na mchezaji wa nafasi ya 25 anayetaka mazoezi ya ushindani, mwandaaji angekuwa na kila sababu ya kibiashara ya kumpa huyo mkubwa. Tiketi zingeuzwa zaidi, na mdhamini angefurahi. Simlaumu mwandaaji, kwa sababu Challenger nyingi huendeshwa kwa bajeti nyembamba. Nalaumu utaratibu unaomweka njia panda kati ya pochi yake na mustakabali wa kijana.

Linganisheni na Kei Nishikori. Aliumia kifundo cha mkono Agosti 2017, na aliporudi Januari 2018 bado alikuwa namba 24, kwa kuwa pointi hudumu wiki 52 na za kabla ya kuumia zilikuwa hazijaisha muda wake. Alianzia Challenger ya Newport Beach, akatolewa raundi ya kwanza na Dennis Novikov aliyekuwa nje ya 200 bora, kisha akaenda Dallas akashinda. Uamuzi wake ulikuwa wa busara na ulimsaidia. Namba 24 ile haikuwa kipimo cha mkono wake wa siku hiyo, na kumpeleka moja kwa moja kwenye Masters kungekuwa kumhatarisha. Mchezaji kama huyo anahitaji njia. Lakini je, njia hiyo lazima ipite juu ya kiti cha kijana wa miaka 17?

Pendekezo langu ni kwamba pawepo nafasi moja iliyotengwa, nje ya waildikadi za mwandaaji, kwa mchezaji wa kati ya 11 na 50 anayetimiza moja ya masharti mawili yaliyotangazwa wazi: awe anarejea kutoka kwenye jeraha lililomweka nje kwa muda uliothibitishwa na madaktari, au awe ametolewa katika raundi za mwanzo za shindano kubwa linaloendelea wiki hiyo. Asiyetimiza sharti lolote, asiingie. ATP inaweza kulifanya hili bila shida, kwa sababu imeshafanya jambo la aina hiyo: kupitia programu ya Accelerator iliyoanzishwa pamoja na ITF, shirikisho la tenisi la dunia, vijana waliomaliza mwaka katika 20 bora ya vijana hutengewa nafasi katika Challenger 50 na 75 bila kumwomba mwandaaji yeyote. Kama inawezekana kumtengea kijana kiti, inawezekana pia kumtengea majeruhi.

Kabla hamjajibu, naomba mwangalie upande wa yule anayesukumwa. Challenger ya watu 32 huwa na orodha ya wanaoingia kwa viwango, na chini yake orodha ya wanaosubiri. Mchezaji wa nafasi ya 190 aliye wa mwisho kwenye orodha ya juu hupata malazi yanayotolewa na mwandaaji kwa wachezaji wa jedwali kuu, hupata fedha za raundi ya kwanza hata akishindwa, na huwa na siku ya kupumzika baada ya safari. Jina moja kubwa likiongezeka juu yake kwa njia ya kiwango, hushuka kwenye mchujo. Huko atacheza mechi mbili mfululizo kabla jedwali kuu halijaanza vizuri, na akishindwa ya kwanza, wiki yake imeishia kwenye hasara. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni mstari mmoja kwenye orodha. Mpango wa Baseline uliotangazwa mwaka 2023 umepunguza makali kwa kuwahakikishia wachezaji hadi nafasi ya 250 kipato cha chini kwa mwaka, kikiwa dola 300,000 kwa 100 bora, 150,000 kwa walio hadi 175, na 75,000 kwa walio hadi 250 ulipoanza. Ila aliye nafasi ya 260 hayumo kabisa, na huyo ndiye ambaye Challenger 50 ni ofisi yake ya kila wiki.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Mdau aliyeuliza kwa nini mchezaji wa nafasi ya 9 anayerudi kutoka kwenye jeraha asipewe ruhusa hiyohiyo: hoja yako ina uzito, na kimantiki mkono wa namba 9 hauponi haraka kuliko wa namba 24. Hata hivyo ningebaki na katazo kamili kwa 10 bora. Mwenye nafasi hiyo anaweza kuingia ATP 250 yoyote kwa kiwango chake, mara nyingi ataanzia raundi ya pili kwa kuwa kinara (aliyepangwa juu kwenye jedwali), na waandaaji watamgombania. Ana mahali pa kuanzia. Isitoshe, mstari usio na msamaha ni rahisi kuusimamia, na nadhani angalau mstari mmoja wa aina hiyo unahitajika ili mingine iwe na maana.

Kwa ndugu aliyesema kwamba kiwango kinacholindwa kinatosha kwa majeruhi: hakitoshi, kwa sababu kinatatua tatizo la kinyume chake. Kinamsaidia aliyekaa nje miezi sita au zaidi na kuporomoka, ili aweze kuingia mashindano makubwa kwa kiwango chake cha zamani. Nishikori hakuwa ameporomoka. Shida yake ilikuwa kwamba yuko juu mno kwa karatasi na chini mno kwa mwili.

Na kwa dada aliyehoji kama nafasi iliyotengwa haitakuwa kichaka kipya cha kuwapendelea nyota: inaweza kuwa hivyo masharti yakiwa legelege. Ndiyo maana nimesisitiza yatangazwe, na ningeongeza mambo mawili. Nafasi hiyo isitumike zaidi ya mara mbili kwa mchezaji mmoja katika msimu, na isipopata mwenye sifa ifikapo siku ya kufunga orodha, irudi kwa aliye wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri, si kwa mwandaaji. Wenye uzoefu wa kuandaa mashindano ya mchujo, naomba mtueleze kama siku ya kufunga orodha ingeruhusu hilo la mwisho kwa mchezaji aliyetolewa Masters siku ya Jumamosi, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona ugumu wa utekelezaji.